Kupanua matundu ya injini ya rota yenye tabo

Swali: Ndugu mafundi, injini yangu ya Mazda RX-7, 13B-REW (ya rota za pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni, na tabo, yaani feni inayosukumwa na moshi ili kusindilia hewa injinini), imefunguliwa katika gereji moja hapa Industrial Area, na kabla haijafungwa ningependa matundu yapanuliwe. Tuanze na ya hewa au ya eksozi, ikiwa gari ni la kwenda kazini kila siku kupitia foleni ya Thika Road?

Jibu: Kaka, anza na eksozi. Tundu likifunguka mapema kidogo, moshi hufika kwenye tabo ukiwa bado na joto na nguvu, hivyo tabo huamka upesi. Upande wa hewa panua kwa kiasi, wala usikate pale sili ya kona (kizibo kidogo kwenye kona ya rota) inapopita, kwani ikikosa pa kuegemea itadumbukia tunduni.

Jibu: Naunga mkono. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu. Ukikwama, piga msasa tena. Zaidi ya yote, weka kwanza pampu ya petroli na nozeli kubwa zaidi za kunyunyizia petroli, maana matundu makubwa huingiza hewa nyingi, na petroli isipotosha hewa hiyo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na kuvunja sili za ncha, yaani vizibo vya kwenye ncha za rota.

Mwuliza: Asanteni, wakuu. Fundi ataanza na eksozi, nami natafuta pampu.