Vidonge vya kurudisha nguvu kwa wazee, vyafanya kazi kweli?

BintiMajengo:
Asalaam alaykum wenzangu. Mamangu ana miaka 67, presha anayo ila dawa yake ameza vizuri. Siku hizi akisali, kuinuka kwenye msala lazima ashike ukuta. Sasa kuna mama hapa mtaani kamuuzia vidonge vya mlonge na manjano elfu nne unusu, eti vyarudisha ujana, na yeye keshaamini mpaka sokoni kaacha kwenda, yuwangoja vidonge vifanye kazi. Kuna alotumia?

KakaTudor:
Elfu nne unusu?! Mlonge si mti wa uani, chuma majani upike na tui la nazi mle nyumba nzima, hizo pesa nunua mayai na dagaa. Misuli ndo yamuishia huyo, na misuli yataka kazi na chakula.

YakheLikoni:
Msidharau dawa za asili nyie. Babu yangu habasoda na asali kila alfajiri, kafika miaka 90 yuwatembea mwenyewe.

KakaTudor:
Babuyo si alikuwa mvuvi yakhe, miaka yote hiyo avuta wavu na kusukuma ngalawa, leo sifa zote wazipa habasoda 😂

MamaNuru:
Mie nauguza wazee. Mlonge wa mboga hauna neno, lakini vidonge vyaweza kushusha presha juu ya ile dawa yake akapata kizunguzungu akaanguka, na manjano ya vidonge si kama ya kwenye mchuzi, anayemeza dawa ya kufanya damu nyepesi aweza kuvuja damu. Peleka hiyo chupa kliniki waione. Halafu chukua kiti kigumu ukiegemeze ukutani kisiteleze, akae ainuke mara 5, apumzike, arudie, mwanzo mshike mkono. WHO, shirika la afya duniani, wasema mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, na waliopita 65 waongeze mazoezi ya nguvu siku 2 na ya kusimama imara siku 3. Na chai apunguze sukari jamani, najua watu wa huku.

BintiMajengo:
Ahsanteni. Nimeigeuza ile chupa, hata kipimo cha dawa hakikuandikwa, kesho naipeleka kliniki. Kiti tumejaribu jana, ya nne kachoka akacheka ati afadhali msala. Leo asubuhi tumekwenda sokoni Marikiti kwa miguu polepole, kafika kagombana na muuza mchicha kwa shilingi kumi.