Wazazi wa Mombasa nisaidieni: vitabu vya picha vya mtoto mwenye woga wa kutoka nje

mama_nasra
Assalam aleikum wapendwa, na habari zenu wote. Naomba ushauri hasa kwa wazazi na walimu wa chekechea mlioko humu. Binti yangu ana miaka minne na nusu, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Nyumbani anaongea mpaka mtu unamwambia mamangu pumzika kidogo, anabishana na kakake, anaimba, yaani hana shida. Lakini akivuka mlango wa nje tu basi, kimya, amelishika dera langu haliachi. Juzi nikampa sahani ya mahamri ampelekee jirani, mlango wa pili tu hapo, mimi niko mlangoni namuona. Akaenda akafika akasimama. Hodi haitoki. Amesimama na sahani yake mikono miwili, mpaka jirani mwenyewe katoka kumwaga maji ndio akamuona. Ufuoni pia ni hivyo, tukienda Pirates wenzake wako majini yeye amekaa kwenye leso, hata mchanga hataki.

Nyanyake anasema ataacha mwenyewe, babake anasema mimi ndiye namdekeza. Sasa mtoto huyu kitu anachopenda ni kusomewa, akiona kitabu cha picha anakuja mbio. Ila vitabu nilivyonavyo ni vya a e i o u na wanyama, na kimoja tulichopewa cha sungura anayeambiwa usiogope usiogope kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hicho hakitaki kabisa. Kuna vitabu vya picha vizuri vya watoto wanaoanza kujitosa nje? Kiswahili ikiwezekana, Kiingereza chepesi pia sawa. Na pesa si nyingi jamani.

ticha_changamwe
Waaleikum salaam mama Nasra. Mtoto kama wako kila mwaka simkosi darasani, huwa wawili watatu, na wengi wao ndio wanaokuja kunichosha kwa maswali wakishazoea. Kuhusu huyo sungura mtoto ana haki. Kitabu kikija na mawaidha watoto wanajua hapo hapo ni wao wanaosemwa. Wewe tafuta kitabu ambacho mtoto wa kwenye hadithi anaogopa KWELI, kurasa kadhaa, na hakuna mtu mzima anayemkatiza.

Mfano kuna kimoja cha Kijapani cha miaka ya 70, kwa Kiingereza kinaitwa Miki's First Errand, mwandishi Yoriko Tsutsui na picha za Akiko Hayashi. Mtoto ana miaka mitano, mamake ana kichanga, maziwa yameisha, anaulizwa je utaweza kwenda dukani peke yako? Basi hadithi nzima ni hiyo safari. Baiskeli inampita mbio, anaanguka kilimani pesa zinamtoka mkononi, anaanza kuzitafuta. Akifika dukani hamna mtu. Anaita, sauti haitoki. Anakuja mtu mzima kununua sigara, anahudumiwa huyo kwanza, anakuja mama mwengine na maneno yake mengi, anahudumiwa, na mtoto yuko pale pale chini haonekani. Sasa nambie, mtoto gani wa hapa hajasimama kwenye dirisha la duka lenye nyavu, sarafu imeloa jasho mkononi, wakubwa wanapitisha mikono juu ya kichwa chake nipe unga, nipe sabuni, nipe kredo ya hamsini? Mimi nakisimulia darasani na hapo ndipo wote wananyamaza. Mwisho anapiga ukelele mpaka mwenye duka anashtuka na kumuomba radhi.

Halafu angalia picha za mwisho, mamake amekuja kumngojea chini ya kilima na mtoto mchanga mkononi. Hakumfuata nyuma, lakini pia hakukaa ndani akasahau. Kwangu mimi huo ukurasa ni wa mzazi kuliko wa mtoto.

Sijakiona madukani hapa, ila utapata watu wanaokisoma kwenye YouTube, zima sauti simulia mwenyewe.

kibokoyao
Vitabu vitabu vitabu. Sisi tulitumwa Marikiti wadogo hivi na kikapu kinaburura chini na hakuna aliyetusomea kitu. Mpe mia aende dukani aache kudeka.

mama_nasra
Kaka kibokoyao zamani zenu bodaboda zilikuwa ngapi? Hapa Mikindani ukitoka mlangoni ni barabara, na tuktuk zinapita upande wowote zinaotaka. Na dukani nishamtuma na kakake, alisimama nje akarudi na pesa yake vile vile.

@ticha asante sana, hiyo ya sauti haitoki ndio yeye kabisa.

shangazi_wa_majengo
Mwaya mama Nasra hilo la asubuhi getini hujalisema lakini najua lipo 😀. Kama analia ukimwacha shule tafuta Owl Babies, cha Martin Waddell na picha za Patrick Benson, cha 1992, hiki hata kwenye mitumba ya vitabu huwa kinatokea. Vifaranga watatu wa bundi, Sarah, Percy na Bill, wanaamka usiku mama hayupo. Wakubwa wawili wanajipa moyo, labda ameenda kutafuta chakula, labda atatuletea panya, na huyo Bill mdogo yeye ana neno moja tu kila akifikiwa, namtaka mamangu. Mwisho mama anarudi, tena anawashangaa, kelele za nini mlijua nitarudi. Mtoto wa dadangu alikipenda mpaka akawa yeye ndiye Bill, kila nikifungua ukurasa analisema neno lake kabla yangu.

Ila nikupe tahadhari. Nilikibeba kwa mamangu mkubwa Mji wa Kale, kuona bundi kwenye kava wallahi nusra anifukuze, toa nuksi hiyo nyumbani kwangu, bundi wa nini kwa mtoto! Nikamwambia bi mkubwa ni picha, akasema hata picha. Kwa hio kama nyanyake Nasra ni wa kizamani kisomee chumbani.

dada_tudor
😂😂 bundi jamani. Mimi naongeza The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, cha 1962, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Caldecott kule Marekani, na ni katika vitabu vya mwanzo vya picha kule kumweka mtoto mweusi mbele kama mtoto tu, bila ya kumfanya somo. Peter anaamka theluji imejaa nje, anatoka na nguo yake nyekundu. Mtaniambia theluji na Mombasa wapi na wapi, lakini ngojeni. Anachofanya ni nini? Anaweka nyayo, vidole nje, vidole ndani, anaburura miguu, anaokota kijiti anachora mstari. Si ndio watoto wetu maji yakitoka ufuoni? Wangu tulikisoma tukaenda Nyali maji yametoka, sikusema kitu, nikamuona mwenyewe anaangalia nyayo zake.

Na nakipenda kwa kuwa Peter pia anashindwa. Anawaona vijana wakubwa wanarushiana theluji anataka kujiunga, anajiona bado mdogo, anaenda kucheza peke yake na inakuwa sawa tu. Kisha anatia donge la theluji mfukoni alihifadhi, hapo wangu alikasirika, ati kwa nini mamake hakumwambia litayeyuka.

baba_mapacha
Mimi nashangaa mmeenda Japani mmeenda Marekani na hadithi iko hapa Bamburi. Owen na Mzee mmesahau? Kiboko mdogo alibaki peke yake Malindi baada ya ile tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa akaletwa Haller Park, akamkimbilia kobe mkubwa wa miaka kama 130 akajificha nyuma yake. Kobe mwanzo hamtaki, anaondoka, mtoto anafuata, anaondoka, anafuata, mpaka kobe akanyoosha mikono. Kitabu kinaitwa Owen & Mzee, cha 2006, wameandika Craig Hatkoff na bintiye Isabella pamoja na Paula Kahumbu, na picha ni za kweli, kazi ya Peter Greste, si za kuchora.

Maneno ni marefu kwa wa miaka minne, usiyasome, fuata picha. Mapacha wangu mmoja alikuwa kama Nasra, mwengine ndio hashikiki. Huyu wa woga picha aliyoing'ang'ania ni ile kiboko kamlalia kobe. Ananiuliza, sasa huyu kobe anamlinda na nini na hata mbio hana? Nikamwambia muulize mwenyewe, tukapanda matatu tukaenda Haller Park, kobe wakubwa wapo wanatembea hapo, akamgusa mmoja gamba. Kidole kimoja lakini akagusa.

kibokoyao
Hio ya kiboko sawa, ile ni ya kweli niliiona kwa habari. Lakini nauliza swali la maana sasa. Mkishasoma mnafanyaje? Manake mtoto anaweza kuvijua vitabu kumi kwa moyo na bado hodi hapigi.

ticha_changamwe
Leo kibokoyao umeuliza vizuri, niandike kwa kukujibu. Kosa ninaloliona ni mzazi anafunga kitabu tu anageuka, umeona Miki alivyoenda dukani? na wewe je kesho utaenda? Hapo umekiua kitabu. Atakukwepa nacho kama alivyomkwepa sungura. Soma, funga, nyamaza. Akitaka tena rudia, hata kama wewe umechoka nacho mpaka unakiota, kule kurudia ndiko kunakofanya kazi, manake anajua ukurasa wa kuogopesha unakuja na anajua pia unapita.

Siku mbili tatu utamuona anakicheza, mdoli anatumwa maziwa, mto umekuwa duka. Mwache AKICHEZE. Ukiingia ingia kama mwenye duka, na uwe na usikivu mdogo, eti nani anaita? siskii. Apige kelele humo ndani kwanza, pale hakuna wa kumcheka.

Ndio uende kwa jirani, na kabla ya hapo usimpe sahani, sahani ni kazi mbili kwa mpigo, kuibeba na kusema. Nendeni wote, wewe piga hodi yeye atoe salamu. Siku nyengine yeye hodi wewe salamu. Siku nyengine unabaki hatua chache nyuma. Na mwambie jirani pembeni asimwambie uuu leo umeongea! hilo ndilo linalowarudisha ndani, wanaona kumbe walikuwa wanaangaliwa.

Kuhusu bahari, kuna Jabari Jumps cha Gaia Cornwall, 2017, kijana anataka kuruka kutoka ubao wa juu kwenye bwawa, anaahirisha kwa visingizio, wacha hawa wapite kwanza, wacha ninyooshe misuli. Babake hamsukumi, anamwambia ukitaka shuka upumzike kisha upande tena. Kizuri, ila kwa mtoto ambaye hata mchanga hataki mimi ningeanza na hicho cha nyayo cha dada_tudor, kuruka ni mbali bado.

mama_nasra
Ticha Mungu akubariki, nimeisoma kwa sauti babake naye asikie. Maswali mawili, hivi vya Kiingereza nikisoma huku nageuza Kiswahili papo hapo si nitamchanganya? Na vya Kiswahili chenyewe vya bei nafuu nitavipata wapi?

ticha_changamwe
Usisome Kiingereza kisha Kiswahili sentensi kwa sentensi, hapo ndipo anapochanganyikiwa na hadithi inakatika. Kipitie mwenyewe usiku, kesho simulia kwa Kiswahili chako cha nyumbani ukifuata picha. Kitabu cha picha kizuri nusu ya habari iko kwenye picha hata hujaisema.

Vya Kiswahili ingia tovuti ya African Storybook, mradi wa shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini, ni bure na wanaruhusu kupakua na kuprinti. Vimepangwa kwa ngazi, vya neno neno mpaka vya aya ndefu, na unaweza kutengeneza chako pia. Soma kwanza kabla hujaprinti, manake vyengine vimetafsiriwa na Kiswahili chake kimepinda, virekebishe kwa kalamu tu. Cyber wakikuprintia nyeusi na nyeupe haifiki hata bei ya soda mbili, na watoto wangu wanapenda hivyo kwa sababu wanapaka rangi wenyewe.

dada_tudor
Au fanya nilivyofanya mimi, nilipiga picha za simu njia yetu ya shule. Mlango, ngazi, paka wa fundi cherehani, duka, geti. Bila mtoto ndani yake, hilo ni muhimu, nikampa mdoli wake ndio awe msafiri, nikaandika sentensi moja kila picha, nikashona katikati kwa uzi. Paka alipata kurasa nyingi kuliko shule.

mama_nasra
Hii ya paka naifanya wikendi hii. Kwetu hapa kuna mbuzi wa mtu analala katikati ya njia, yeye ndiye atakuwa mwenye kitabu. Shangazi hicho cha bundi unacho bado?

shangazi_wa_majengo
Ninacho shoga, njoo inbox nikuazime. Ila KIRUDI. Kuna watu humu wana vitabu vyangu tangu mwaka juzi, wanakuja kuandika ati vitabu vitabu vitabu, na mimi nawajua.

kibokoyao
Shangazi mimi nilichukua cha mapishi, cha watoto sikuchukua.