Tiketi za nyasi kwenye shoo za progu majira ya joto: tunauziwa mwangwi kwa bei ya muziki

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wadau wa progu (roki ya nyimbo ndefu na mapigo magumu) mlioko Marekani na Kanada, mnaonunua tiketi kila Juni hadi Septemba kwenda kuwaona wakongwe wetu kwenye viwanja vya wazi. Tunaibiwa, tena kwa utaratibu maalumu. Bendi siwalaumu. Steve Howe wa Yes na Ian Anderson wa Jethro Tull wote wamezaliwa 1947, Robert Fripp wa King Crimson 1946, na wazee hao wakipanda stejini wanafanya kazi waliyoitiwa. Mwizi ni anayeuza nafasi kilimani kana kwamba anauza muziki, wakati hakuna aliyepanda huko juu kukagua kama muziki unafika.

Kwa asiyejua mpangilio, viwanja vingi vya aina hii vimejengwa kwa mtindo mmoja. Steji iko chini, viti vya kudumu viko chini ya paa kubwa, na nyuma ya paa kuna kilima cha nyasi. Spika kubwa zinazoning'inizwa kwa minyororo kushoto na kulia kwa steji zimelengwa kwa watu wa viti. Ukingo wa paa unaikata sauti yake kabla haijafika kilimani. Ndiyo maana kwenye ukingo wa nyuma wa paa, au kwenye minara, hufungwa spika nyingine kwa ajili ya watu wa nyasi peke yao. Spika hizo ndizo tiketi yako. Zikiwa zimezimwa, zimeungua au zimepangwa ovyo, umelipia mandari.

Sasa tuje kwenye uchafu wenyewe. Jioni yenye nyuzijoto 22 za Selsiasi, sauti hewani inakwenda kama mita 344 kwa sekunde. Kama spika za nyasi ziko mita 70 kutoka stejini, sauti ya steji inachukua milisekunde 203 kufika hapo, ilhali umeme kwenye waya umeshafika zamani. Kwa hiyo fundi anatakiwa azicheleweshe spika za nyasi kwa milisekunde hizo 203, kisha aongeze nyingine 10 hadi 20 ili sikio lako liamini kwamba mpigaji yuko stejini na siyo darini. Hiyo ni namba moja tu ya kuingiza kwenye prosesa, yaani kifaa kinachopanga sauti kabla haijaenda kwenye spika. Anahitaji maikrofoni ya kupimia, kompyuta, na miguu ya kupanda kilima. Cha ajabu, mafundi wa bendi wanakuja na spika zao za steji na kuzipima vizuri, lakini spika za nyasi ni mali ya uwanja. Mafundi wa bendi wanasema ni kazi ya wenye uwanja, wenye uwanja wanasema walishaweka namba tangu msimu ulipoanza. Bendi ikiwa imefunga spika zake mita kadhaa mbele au nyuma ya zile za shoo iliyopita, namba ile haifai tena, na hakuna wa kuirekebisha.

Kwenye wimbo wa mapigo manne ya kawaida, kosa hilo linavumilika, utadhani umeingia kwenye ukumbi wenye mwangwi. Kwenye progu ni msiba. Chukua kipande cha saba kwa nane, yaani kila mzunguko una nusu pigo saba, kinachokwenda mapigo 150 kwa dakika. Pigo zima ni milisekunde 400, nusu pigo ni 200. Spika za nyasi zisipocheleweshwa, unasikia noti kutoka juu ya kichwa chako, halafu milisekunde 203 baadaye noti ileile inakuja kutoka stejini, na inaangukia karibu kabisa juu ya nusu pigo linalofuata. Kila noti ya besi inafunikwa na mabaki ya noti iliyoitangulia. Ukihesabu hadi saba, mwangwi wa la saba unagongana na la kwanza la mzunguko mpya. Kitu kilichoandikwa kwa umakini ule kinakufikia kama uji. Halafu mtu anashuka kilimani anasema bendi imezeeka, mpiga ngoma amepoteza muda! Mpiga ngoma hajapoteza chochote.

Na msikubali kuambiwa kwamba ni joto. Mchana wenye nyuzi 34 sauti inakwenda kama mita 352 kwa sekunde, kwa hiyo mita zile 70 zinachukua milisekunde 199. Tofauti na jioni ni milisekunde 4 tu. Hakuna sikio litakalolalamikia milisekunde 4. Upepo ndio unaosumbua kweli, unapindisha sauti na kufanya matoazi yaje na kupotea kama mtu anachezea kitufe, na hilo siwezi kumlaumu mtu. Ila mwangwi wa namna moja kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho hauletwi na upepo. Huo ni uzembe.

Joto lina madhara yake halisi, ila yako stejini. Nyuzi za gitaa zikipata joto zinatanuka na kushuka, wakati filimbi inapanda, kama senti 3 kwa kila nyuzijoto moja (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Bendi kama Jethro Tull, yenye filimbi mbele na gitaa la akustika pembeni yake, jua likiwapiga wanavutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Wanahangaika kutuni kila baada ya wimbo na wanafanikiwa. Wao wanafanya kazi yao kwenye mazingira magumu, kisha mtu wa spika za nyasi anaharibu.

Kuna na hili la mono. Spika za nyasi mara nyingi zinalishwa mkondo mmoja, kushoto na kulia vimechanganywa. King Crimson ya kuanzia 2014 iliweka wapiga ngoma watatu mstari wa mbele, wakigawana midundo kushoto, katikati na kulia. Nusu ya utamu wa mpangilio ule ni kusikia mdundo mmoja ukitembea kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Walipozunguka Marekani majira ya joto ya 2021 walipiga kwenye viwanja vya nje pia. Ngoma tatu zikishaminywa kuwa mkondo mmoja, unasikia seti moja kubwa yenye fujo. Usipoelezwa huwezi hata kujua umenyimwa kitu gani.

Halafu sauti yenyewe ndogo. Spika moja ya kawaida inapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika zilizopangwa mstari zinapoteza chache zaidi kwa umbali wa karibu, lakini hewa nayo inakula sauti za juu, hasa hewa kavu. Mazungumzo ya kawaida umbali wa mita 1 ni kama desibeli 60. Progu ina vipande vya kimya, gitaa la nyuzi 12 peke yake, kinanda kinachoingia polepole dakika nzima. Vipande hivyo vikifika kilimani vimeshuka hadi kwenye kiwango cha majirani wanaopiga soga, na majirani wanapiga soga kwa sababu nao hawasikii kitu. Wahudumu wanapita kuuza bia katikati ya utangulizi. King Crimson walikuwa na utaratibu unaoeleweka: hakuna picha mpaka mpiga besi wao Tony Levin ainue kamera yake mwishoni. Ian Anderson naye anaomba simu ziwekwe chini hadi wimbo wa mwisho. Kule kwenye viti wahudumu wanasimamia. Kilimani hakuna anayesimamia chochote, ni kana kwamba masharti ya msanii yanaishia pale paa linapoishia.

Mwanga, kwa ufupi. Mwanzoni mwa Julai huko New York jua linazama kama saa 2:30 usiku. Bendi ikianza saa 1:30, saa nzima ya taa inaliwa na mchana. Kwa bendi kama Yes, ambayo sura yake tangu 1971 imeshikamana na michoro ya msanii Roger Dean, kufunua pazia na taa kwenye jua kali ni kuvitupa. Na zile skrini kubwa za pembeni, ambazo kwenye nyasi ndiyo njia pekee ya kuona vidole, shoo nyingine zinaachwa nyeusi usiku mzima. Kama zitakuwa nyeusi, andikeni kwenye ukurasa wa tiketi kabla mtu hajalipa.

Suala la viti linanikera kuliko yote yasiyo ya sauti. Mashabiki wa muziki huu wengi wana miaka 60 na kitu, 70 na kitu. Wana magoti mabovu na migongo ya kufanyiwa upasuaji. Uwanja unawakataza kuingia na kiti chao cha kukunja, au unaruhusu kile kifupi tu cha sentimita 23 kutoka ardhini ambacho mzee akishakikalia anahitaji watu wawili wa kumwinua, kisha unawakodisha kiti kilekile kwa bei yake. Ukiuliza, utaambiwa ni usalama. Kama kiti ni hatari, kisiwepo kabisa. Kama ni salama ukikodisha wewe, ni salama nikija nacho mimi. Na kilima hicho kina mteremko, giza, na njia moja ya kwenda msalani. Mvua ikinyesha mchana, nyasi ni utelezi mtupu.

Muda nao. Vibali vya kelele vinafunga mitambo saa 5 usiku au kabla, na haviongezwi. London walishaona: Julai 14, 2012 pale Hyde Park, Bruce Springsteen akiwa na Paul McCartney stejini, mitambo ilizimwa kwa sababu muda wa kibali umepita. Kama hao walizimiwa, bendi yetu nani ataihurumia? Radi ikisikika, taratibu za usalama Marekani zinataka kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hilo sawa kabisa, lifuatwe. Lakini dakika hizo zinakatwa kwenye shoo, na kwa progu hukati wimbo wa dakika 4. “Close to the Edge” ya Yes ni karibu dakika 19, ikiondoka imeondoka robo ya sababu iliyokuleta. Mwandaaji anayejua anauza bendi ya nyimbo ndefu, kwa nini anaweka bendi za utangulizi mbili na mapumziko ya dakika 40? Ili bia iuzwe. Hakuna jibu jingine.

Kuhusu bei, tangu Mei 12, 2025 kanuni ya tume ya biashara ya Marekani inawalazimisha wauzaji wa tiketi za matamasha kuonyesha bei kamili yenye ada zote za lazima tangu mwanzo. Ni hatua, lakini bei kamili ya kitu kibovu bado ni ya kitu kibovu. Na walanguzi wameshajifunza: wanaorodhesha nyasi kwa kutumia picha iliyopigwa kutoka kwenye viti.

NYONGEZA kwa mlioniuliza jinsi ya kukagua spika, pa kukaa na jinsi ya kudai.

Jinsi ya kukagua: fika mapema, wakati muziki wa kusubiri unapigwa, kwa sababu kwa kawaida nao unapita kwenye spika zote. Simama katikati ya kilima usikilize ngoma ya snea, ile ndogo yenye mlio mkali. “Ta” moja, mko salama. “Ta-ta”, spika hazijapangwa. Kisha tembea kushoto na kulia uone kama kuna spika iliyokufa, utaona sauti inadidimia ghafla kwenye hatua chache. Ukipata tatizo usimweleze muuza bia. Nenda ofisi ya huduma kwa wateja, taja sehemu uliyopo, sema “spika za nyasi upande huu hazijacheleweshwa” au “upande huu zimezimwa”, na omba fundi wa uwanja aitwe kwa redio. Ukitumia maneno hayo hawakuchukulii kama mlevi. Kabla bendi kuu haijapanda bado kuna muda wa kurekebisha. Baada ya hapo hawagusi kitu.

Pa kukaa: mstari wa katikati, usawa na meza ya mikisa (pale fundi anapochanganyia sauti), mita 15 hadi 25 nyuma ya spika za nyasi. Ukisogea karibu zaidi zinakupita juu ya kichwa, ukienda juu kabisa matoazi hayakufikii. Kama una mzee, usinunue nyasi kwanza uone itakuwaje. Piga simu kabla, uliza nafasi za watu wenye shida ya kutembea. Sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inavibana viwanja hivi, na nafasi hizo mara nyingi ziko chini ya paa au kwenye sakafu iliyonyooka.

Kudai: andikeni barua pepe usiku uleule au kesho yake, siyo baada ya wiki. Wekeni namba ya tiketi, sehemu, saa tatizo lilipoanza, nani mlimwambia, na klipu ya sekunde 20 ya snea kama simu zimeruhusiwa. “Sauti ilikuwa mbaya” hawaijibu. “Spika za upande wa kulia zilikuwa zimezimwa kuanzia saa 2:10 hadi mwisho” wanalazimika kuijibu.

Waliokaa nyasi msimu huu waandike hapa chini: bendi gani, upande gani wa kilima, snea ilikuwa moja au mbili, skrini ziliwaka au hapana, na kiti kilikodishwa kwa shilingi ngapi za huko. Kwa sababu za kisheria msiandike majina ya wahudumu.