Difragi kila wiki, Linux au SSD: kipi kitaziamsha mashine za stationari yangu?

StationariMwanjelwa: Wadau, za jioni. Nina mashine nne hapa Mwanjelwa, zote Windows 10, diski za kuzunguka za GB 500. Asubuhi na baridi hii nawasha, naenda kunywa chai, narudi kiduara bado kinazunguka. Fundi mmoja anataka nimlipe aje kila wiki kufanya difragi, yaani kuunganisha vipande vya faili vilivyotawanyika kwenye diski. Mwingine anasema niache Windows nihamie mfumo wa Linux, eti huko faili hazitawanyiki. Wa tatu anasema ninunue SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka.

FundiKihesa: Mkuu, usimlipe. Windows inajipangia difragi kila wiki yenyewe tangu enzi za Vista. Shida ni moja: inafanya wakati mashine imewaka na haitumiki. Wewe ukifunga duka unazima, itafanya saa ngapi? Fungua programu ya difragi ya Windows uone tarehe ya mwisho.

Kutawanyika kwenyewe si hadithi. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inatumia milisekunde 11 kwa duara moja, na kichwa cha kusomea husubiri wastani wa nusu duara kila kipande. Faili ya vipande 200 imeshakula sekunde nzima ya kusubiri tu, bado kichwa hakijahesabiwa muda wa kuhama.

BaridiYaNjombe: "Hazitawanyiki" ni chumvi. ext4, mpangilio wa faili wa Linux, huchelewa kuamua pa kuandika hadi ijue ukubwa wa faili, kisha hutafuta eneo pana. Diski ikikaribia kujaa, nayo inatapanya. Mimi nilipima kwa `e4defrag -c`, amri ya kukagua mtawanyiko: alama 2, na hadi 30 hakuna tatizo. Mashine bado ilikuwa kobe! Diski yenyewe ndiyo ilikuwa mzee.

MamaPichaUyole: Jamani, mie nina SSD na kuna kijana aliifanyia difragi. Nimeiua?

FundiKihesa: Hapana dada, mara moja haiui. Ila SSD haina kichwa cha kuhamahama, faida ni ndogo mno, na seli zake zina idadi ya kuandikwa. Windows ikiitambua huipelekea TRIM, yaani taarifa ya sehemu zilizofutwa. Kuna wakati inaifanyia difragi ya kweli pia, maana NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, ina kikomo cha vipande kwa faili moja. Iachie Windows yenyewe, usiizime ratiba hiyo.

StationariMwanjelwa: Nimekagua. Mara ya mwisho ni miezi mitano nyuma, na mashine ya kuchapia imebakiza GB 9! Muvi za vijana wangu hizo. Umeme ukikatika katikati ya difragi je?

BaridiYaNjombe: Kipande hunakiliwa kwanza ndipo anwani ibadilishwe, faili haipotei kirahisi. Zile kazi za wateja zinakilie pembeni hata hivyo, diski za umri huo haziaminiki.

StationariMwanjelwa: Basi muvi zinaondoka leo, usiku naziacha zimewaka. SSD nanunua moja, ya kuchapia. Zile tatu zingoje tuuze viazi.