Pikipiki mpya: petroli ya kawaida, ile ya bei juu, au ya chupa?

Mtoto_wa_Pangani: Wakuu habari za jioni. Ijumaa nakabidhiwa pikipiki. Ipi bora kwa injini mpya: petroli ya kawaida ya sheli, ile yenye dawa ya bei juu, au hii ya chupa hapa mtaani? Sitaki ife mapema. Natanguliza shukrani.

FundiMjomba: Pikipiki gani? Cc ngapi? Yako au ya mkataba na bosi? Mjini au kijijini? Umemwambia daktari "naumwa" halafu ukanyamaza.

Mama_Boda: Kama ni hizi Boxer na TVS za boda, weka ya kawaida ulale. Hiyo ya bei juu ni okteni ya juu tu: haiongezi nguvu, inazuia tu mafuta yasilipuke kabla ya wakati kwenye injini zenye mgandamizo mkubwa. Hela inayobaki mwagia oili mpya.

Kiberenge: Mama hapo sikubali. Naweka ya bei juu, na mlimani piki inavuta mpaka raha.

Mama_Boda: Inavuta kwa sababu umeilipia, mwanangu.

Nyamisati_Boy: Chupa usiguse. Masika iliyopita nilikuwa na abiria nyuma ya Kibiti, magharibi imeshaingia, wese limekata. Nikanunua chupa mbili barabarani. Hatujamaliza kilomita, piki inamisi, inazima, inawaka, inazima. Abiria akashuka, hakulipa, na matusi juu. Nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga kwenye kifuniko cha chupa, nikamulika na simu. Petroli juu, chini matone ya maji yanatembea kama yana haraka. Nilisukuma mpaka kwa fundi, tenki likashushwa lote.

FundiMjomba: Maji afadhali, yanamwagika yakaisha. Balaa ni mafuta ya taa: plagi nyeusi tii, moshi, asubuhi unapiga kiki mpaka jasho. Zamani yalikuwa bei chee, ndiyo maana watu walichakachua. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, wakaanzisha vinasaba 2010, yaani alama ya siri inayotiwa kwenye mafuta halali, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Ila vinasaba vinapimwa sheli. Chupa ya mtaani nani anaipima?

Msafiri254: Huku Kenya nako 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, sababu ni hiyo hiyo. Dondosha petroli kwenye karatasi nyeupe. Ikikauka ikaacha doa, imechanganywa.

FundiMjomba: Wakichanganya kidogo karatasi haikuambii kitu.

Kiberenge: Mnajichosha. Achukue ya umeme.

Mama_Boda: Na chaji ikiisha porini, abiria ambebe mgongoni?

Kiberenge: Si unabadilisha betri tu.

Mama_Boda: Kwa nani? Kwa muuza maandazi?

Mtoto_wa_Pangani: Samahani wakuu, nilikuwa shamba. Ni Boxer 150, ya mkataba. Niko kijijini, sheli ni mpaka mjini.

FundiMjomba: Si ungesema tangu juu! Tafuta dumu safi lenye mfuniko wa kukaza, ujaze sheli kila ukishuka mjini, ulihifadhi nje, mbali na jiko. Na mkataba unasemaje injini ikifa? Ya bosi au yako?

Mtoto_wa_Pangani: Hatujaandikishana hilo.

Nyamisati_Boy: Ooh.

Kiberenge: Bosi wangu anadai hesabu, ile hela ya kila siku, hata siku piki iko kwa fundi.

Mama_Boda: Hesabu kamili? Shilingi ngapi kwa siku?