Ushauri tafadhali: wageni wangu wa anga ni wema mno, wanataka nini Kisumu?

Nyar_Nyalenda (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Ninaandika hadithi ndefu ya Kiswahili na nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Kuna familia moja, baba, mama na binti mkubwa, wamepanga nyumba Nyalenda upande wa kuelekea Dunga. Si binadamu. Wametoka sayari nyingine, ila msomaji halijui hilo hadi katikati ya hadithi. Majirani wanachojua ni kwamba watu hawa ni wema kupita kiasi. Mtaa ukifurika, wao ndio wa kwanza kubeba watoto wa wenzao mgongoni. Mama anatibu homa bila kudai hata shilingi. Baba amechimba kisima na hauzi maji. Kwenye chama cha kuchangiana cha mtaa mchango wao haujawahi kuchelewa. Ukiwauliza kwa nini, wanacheka tu.

Nyuma ya wema huo kuna jambo wanalolitafuta, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu hata mimi silijui. Nilifikiria maji ya ziwa, lakini rafiki yangu aliyesoma sura za mwanzo amesema hilo limechakaa. Sitaki wageuke mazimwi ya kula watu kwenye ukurasa wa mwisho. Nataka msomaji amalize asijue kama awashukuru au awafukuze. Nifanyeje?

Wuod_Seme

Dada, wanachimba kisima, wanatibu bure, na ukiwauliza lengo lao wanacheka. Hao ni mradi wa wafadhili! Subiri ufadhili uishe uone kama pampu itapata mtu wa kuitengeneza.

Fundi_Redio

Maji ya ziwa yafute kabisa. Nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya jua ni Proxima Centauri, na iko umbali wa miaka 4.2 ya mwanga. Chombo cha anga Voyager 1, ambacho kilirushwa mwaka 1977, kwa kasi yake ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali kama huo. Aliyeweza safari hiyo atashindwaje kujichotea barafu njiani? Hata jirani hapa, kwenye Europa, mwezi mmoja wa Jupita, wanasayansi wanaamini chini ya barafu kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote zikijumlishwa. Aiache hiyo aje kuhangaika na Ghuba ya Winam, hapa ziwani kwetu, iliyojaa gugu maji? Dhahabu ya Kakamega pia usiiguse, dhahabu iko kila mahali angani.

Kitu ambacho hawawezi kukipata kwingine ni uhai wa hapa na namna watu wa hapa wanavyoishi. Tafuta upande huo.

Mwalimu_Mstaafu

Binti yangu, mimi naandika kutoka Mumias, kwa hiyo utanisamehe nikianza na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Mvumbuzi Mwingereza Joseph Thomson alipopita kwa Wawanga mwaka 1883 alipokelewa vizuri. Baada yake wakaja watu wa kampuni ya Kiingereza, kisha maafisa wa serikali yao, na wote walikuta chakula na mahali pa kulala. Tumezoea kumsimulia Mumia kama mwenyeji mwema aliyelaghaiwa, na simulizi hiyo inamfanya mjinga, jambo ambalo hakuwa. Alikuwa na hesabu zake. Bunduki za wageni zilimfaa dhidi ya majirani aliokuwa hapatani nao. Mwaka 1909 wakamtawaza chifu mkuu, na jamaa zake wakapelekwa kuwa machifu wa watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya Wanga. Baadaye makao ya utawala yakahamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega, mwaka 1920, na miaka michache mbele mzee akastaafishwa.

Nimesoma muhtasari wako mara ya pili ndipo nikaona kinachokosekana. Wageni wako wana siri, majirani hawana hata moja. Nani Nyalenda anawatumia? Mwenye nyumba amepandisha kodi ya wapangaji wengine kwa sababu ya kile kisima? Kuna mwanasiasa wa wadi anayepiga picha na yule mama wa dawa? Mpe kila mwenyeji hesabu yake, utaona wageni wataanza kutisha bila kuongezewa hata neno.

Chepkoech_Hills

Mwalimu, shikamoo. Hayo ni ya Wanga. Huku Nandi hatuna simulizi ya mwenyeji na mgeni kufanya hesabu pamoja. Koitalel arap Samoei, kiongozi wetu aliyewapinga Waingereza, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905, na Meinertzhagen, afisa wa jeshi lao, akamuua papo hapo. Na tulikuwa tumeonywa! Wazee wanasimulia kwamba Kimnyole, babake Koitalel, alitabiri nyoka wa chuma atemaye moshi, akitoka mashariki kwenda kunywa maji ya ziwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901.

Kwa hiyo Nyar_Nyalenda, hilo la "asijue kama awashukuru au awafukuze" mimi silikubali moja kwa moja. Weka angalau mtu mmoja aliyewakataa tangu siku ya kwanza. Mtaa mzima umwone ana wivu au amechanganyikiwa. Kisha usimwaibishe mwishoni.

Mama_Mbuta

Mimi ni muuza samaki, hadithi huwa nasoma tu. Lakini hili la mgeni mwenye faida nalijua kwa mikono.

Mbuta, yule wanayemwita pia sangara, hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa wakati wa mkoloni, miaka ya 1950 kuingia 1960, wakitaka samaki mkubwa mwenye nyama. Kufika miaka ya 80 alikuwa amejaa kila mahali, na fulu, wale wadogo waliokuwa wa aina mamia, wakaanza kupotea. Viwanda vikaja. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa, tunaukaanga, tunauza, na unaliwa vizuri sana. Sasa njoo uniambie mbuta ni adui. Nitakufukuza na mwiko! Karo ya watoto wangu imetoka kwa mbuta. Mama yangu naye hadi anaingia kaburini alikuwa anawataja fulu kama mtu anayetaja ndugu.

Waliomleta hawakuwa na nia ya kumaliza fulu. Hawakuwafikiria kabisa, basi. Labda wageni wako wako hivyo. Wana jambo lao, wala si baya, ila likitimia kuna kitu chetu kitapotea ambacho hawakukihesabu.

Halafu huyo mama wa anga akija sokoni kununua omena, anunue kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na abishane bei. Asipobishana hakuna atakayemwamini.

Naka_Base

Mnafanya mchezo na vitu vya kweli. Hawa viumbe wako kati yetu. Mwaka 2023 watu si walipanga foleni KICC, jumba la mikutano Nairobi, wakapigwa picha mboni za macho, wakapewa sarafu za mtandaoni za karibu shilingi 7,000? Nani anahitaji macho ya Wakenya? Na lile duara la chuma lililoanguka Mukuku, Makueni?

Fundi_Redio

Naka_Base, lile duara lilikuwa la kilo kama 500, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza ni kipande cha roketi. Roketi za binadamu hizi hizi. Na waliopiga picha macho ni binadamu pia, serikali ikawasimamisha Agosti mwaka huo. Ila kama chambo cha hadithi, foleni ile ni nzuri: watu walijua wanatoa kitu, hawakujua kinakwenda wapi, na hela ilikuwa inahitajika nyumbani.

Nyar_Nyalenda

Asanteni sana. Mwalimu, umenipa kazi ya mwezi mzima. Mwenye nyumba wangu alikuwa anapita tu kukusanya kodi, sasa nitamkalisha chini. Chepkoech, nina bibi muuza makaa kwenye kona, nadhani ndiye atakayekataa kisima, atakuwa ananunua maji ya mkokoteni huku ya bure yako mlangoni. Mama_Mbuta, la fulu nimeliandika ukutani.

Lakini bado hamjaniambia wanataka nini.

Jakom_Kano

Nimewasoma kimya tangu asubuhi nikisubiri mmoja wenu aulize swali ambalo Mjaluo yeyote angeliuliza wiki ya kwanza: nyumbani kwao ni wapi? Sisemi nyumba ya kupanga. Nasema nyumbani, dala, palipo na kaburi la baba wa baba yao. Mtu anaweza kuishi mjini miaka arobaini akawa hajapata jibu lingine la swali hilo. Kumbukeni S.M. Otieno. Wakili mkubwa, maisha yake Nairobi, mkewe akitaka azikwe kwenye shamba lao kule Ngong. Ukoo wake ukakataa, kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1987, na akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Sasa fikiria mmoja wa wageni wako anakufa Nyalenda. Mtaa wanaupenda, mtaa utachanga. Maiti inapelekwa wapi?

Na huku kwetu kaburi linasema. Mgeni aliyekaribishwa kwenye ardhi ya watu, jadak, analima na kujenga kwa hisani ya wenye ardhi, na vizazi vikipita hisani hiyo inaweza kukumbushwa vibaya. Mzozo wa shamba ukifika kwa wazee, moja ya maswali ni makaburi ya nani yako pale. Jibu lako ndilo hilo. Hawataki maji, hawataki damu. Wanataka kuzika. Wema wote ule ni wa kutafuta mtu atakayewaambia "mleteni mtu wenu, mzikeni kwetu." Baada ya hapo si wageni tena, na wengine wao wanaweza kuja, kwa kuwa wana kwao.

Mama_Mbuta

Uwi! Nimesisimkwa mwili. Na nani atakataa kumzika mtu aliyebeba mtoto wake kwenye mafuriko?

Wuod_Seme

Nimeacha mzaha. Hii inakwenda na Nyamgondho wa Gwassi kabisa: mvuvi anaopoa bikizee kwenye wavu, anamchukua, mali inajaa boma, siku anamtukana akiwa mlevi bikizee anaondoka na ng'ombe wote wanamfuata ziwani. Ila hapa imegeuzwa, mgeni haondoki tena.

Nyar_Nyalenda

Jakom, mungu akubariki. Basi afe binti. Majirani watalia zaidi.

Jakom_Kano

Hapana, binti hapana. Msichana ambaye hajaolewa kwa desturi hazikwi ndani ya boma, na mpango wao utaharibika. Afe baba. Na kabla hajafa awe amekaribishwa mahali, Kano au Seme, akajenga hata nyumba ya mabati, kwa sababu mwanaume lazima awe na nyumba yake pale anapozikwa. Ile nyumba ndiyo dalili yako ya mapema. Msomaji ataiona sura ya tatu adhani ni mzee anajiandaa kustaafu.

Mwalimu_Mstaafu

Kamati ya mazishi usiipite haraka. Hapo ndipo hesabu za wenyeji zitakapogongana: anayetaka kusomewa jina kwenye matanga, anayetaka tenda ya hema, na yule mwenye ardhi aliyeahidiwa kitu ambacho hatakisema mbele za watu.

Chepkoech_Hills

Na bibi wa makaa awe kwenye kamati hiyo. Ndiye atakayeuliza kitambulisho cha marehemu kwa ajili ya kibali cha kuzika.

Nyar_Nyalenda

Kitambulisho! Wamekipataje?

Wuod_Seme

Hapo muulize chifu msaidizi amepewa nini.