Msumeno wa cheni kwa mikaratusi yenye kipenyo cha mita moja: 070, 381, 395 au 5800, na baa ya inchi ngapi?

Mkulima_Mufindi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Katika shamba la familia huku Mufindi ipo safu ya mikaratusi ya zamani ambayo kipenyo chake kwenye kisiki ni kati ya sentimita 80 na 105, na nyuma yake kuna ekari kadhaa za misindano ya kawaida ya sentimita 30 hadi 40. Kibali cha kuvuna kimekwisha kushughulikiwa, kwa hiyo naomba tusiingie huko. Magogo yatakatwa kwa urefu wa futi 12 na kupelekwa kwenye dingdong (mashine ya kupasulia mbao), ambayo mwenyewe ameniambia wazi kwamba hapokei gogo nene kiasi hicho lisipopasuliwa kwanza katikati.

Nimetajiwa mashine nne: Stihl 070 yenye baa (ule upanga ambao cheni huzungukia) ya inchi 36, Stihl MS 381 yenye baa ya inchi 25, Husqvarna 395 XP yenye baa ya inchi 28, na mashine ya bei nafuu iliyoandikwa 5800 ambayo huja na baa ya inchi 22. Muuzaji anashikilia kwamba mti wa mita moja hauna njia nyingine isipokuwa baa ya inchi 36, na kwamba baa hiyo haivutwi na mashine nyingine isipokuwa 070. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

FundiMafinga

Amekupa nusu ya hesabu. Ni kweli kwamba ukitaka kukata gogo kwa mkato mmoja, ukiwa umesimama upande mmoja, baa inatakiwa izidi kipenyo kwa inchi mbili hivi, na kwa mti wako wa sentimita 105 hata inchi 36, ambazo ni sentimita 91 tu, hazitoshi. Lakini mti mkubwa haukatwi hivyo. Mkataji anayejua kazi huzunguka shina, akaanza upande mmoja na kumalizia upande wa pili, na kwa njia hiyo baa huweza kukata kipenyo kinachokaribia mara mbili ya urefu wake. Inchi 25 ni sentimita 63, kwa hiyo shina la mita moja limo ndani ya uwezo wake.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba baa hufuata injini kwanza, ndipo ifuate mti. Kila inchi ya baa iliyozama ndani ya mti huongeza meno yanayokwangua kwa wakati mmoja, na injini ndiyo inayobeba mzigo huo. MS 381 ina cc 72.2 (ujazo wa silinda), hutoa kilowati 3.9, na ina uzito wa kilo 6.6 bila baa wala cheni. Kwa mkaratusi mbichi huvuta inchi 25 bila malalamiko iwapo cheni imenolewa vizuri. Ukiifunga baa ya inchi 36 itazunguka vizuri sana hewani, lakini ikizama yote ndani ya gogo mlio utashuka, mkataji ataanza kuisukuma kwa nguvu, na muda si mrefu klachi itatoa moshi. Husqvarna 395 XP, yenye cc 93.6 na kilo 7.9, ndiyo inayostahili kuanza kufikiriwa kwa baa za inchi 28 hadi 36.

Kuhusu 070, watu hudanganywa na ukubwa wa silinda. Ina cc takriban 106 na hutoa kilowati 4.8, wakati MS 661 ya kiwanda hicho hicho, yenye cc 91, hutoa kilowati 5.4. Sifa ya 070 ni nguvu ya kuvuta kwenye mzunguko wa taratibu pamoja na cheni nene ya saizi ya 404, na kwa kupasua mbao ndefu bado inaheshimika. Hata hivyo, uzito wake unapita kilo 10 kabla hujafunga baa, na kushinda nayo siku nzima kwenye misindano ya sentimita 35 ni adhabu.

Mashine ya 5800 nitaipitia kwa haraka. Hiyo namba ni jina, wala si ujazo. Nyingi nilizozifungua zina pistoni ya milimita 45.2 na mwendo wa milimita 34. Ukizidisha utapata cc 54.5. Iwekee baa ya inchi 18, ipeleke kwenye matawi na misindano, na uiepushe na mikaratusi yako.

Nyongeza moja ambayo mtu wa Dar es Salaam hatakwambia: injini hizi hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Sehemu za Mufindi zinakaribia mita 2,000, kwa hiyo kilowati 3.9 za kwenye karatasi huwa kama 3.2 shambani kwako. Kabureta nayo inatakiwa irekebishwe, maana hewa ikiwa nyepesi petroli huzidi na mashine huanza kutoa moshi na kuvuta kivivu. Ukija kuiuza au kuiazimisha pwani, hakikisha skrubu ya H (ya kurekebisha petroli kwenye mwendo wa kasi) imefunguliwa tena kabla haijafanya kazi, la sivyo petroli itapungua na pistoni itaungua.

Kuni_za_Kericho

Ninamuunga mkono fundi. Sisi huku tunakata mikaratusi kwa ajili ya kuni za viwanda vya majani ya chai, na mashine zetu nyingi ni za daraja la cc 70. Kila mashine ina baa mbili, moja ya inchi 20 kwa kazi ya kila siku na nyingine ya inchi 25 inayofungwa tu panapokuwa na mti mnene. Kubadilisha baa ni kazi ya dakika chache, na mkono wa mkataji unapumzika.

Bwana mkulima, ungeulizia pia mkaratusi wenyewe kabla ya kuulizia inchi. Shina la mti huu limejaa mvutano wa ndani. Ukilikata linaweza kupasuka kwenye ncha mbele ya macho yako, au mkato ukajifunga na kuibana baa isitoke. Kwa mti wa mita moja sisi hufungua mdomo wa uelekeo (pengo upande ambako mti utaangukia) kwa kina cha robo ya kipenyo, kisha tunaingiza ncha ya baa kutoka ubavuni, nyuma ya sehemu itakayobaki kuwa bawaba (ukanda usiokatwa unaouongoza mti ukianguka), tukianza na upande wa chini wa ncha hadi iwe imezama. Tunakata kuelekea nyuma, tunapiga kabari mapema, ndipo tunahamia upande wa pili na kukutanisha mikato. Bawaba huachwa unene wa sentimita 10 hivi. Mti ulioinama usiukate kwa mkato wa kawaida wa nyuma, kwa sababu hupasuka wima kwenda juu na kipande cha nyuma humrukia mkataji.

Baa fupi ina faida hapo, kwa kuwa nafasi ya kabari hupatikana mapema na ncha yake unaijua iko wapi. Baa ya inchi 36 hutokeza upande usiouona, ikagusa jiwe au mzizi, na robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu mashine hurushwa kumwelekea mkataji. Sasa fikiri kwamba 070 nyingi zinazouzwa mitaani hazina breki ya cheni. Kwangu hilo pekee linaiondoa kwenye orodha.

Mpasuaji_Tanga

Naomba kutofautiana na wakubwa wangu, kwa heshima. Nyote mmejibu habari ya kuangusha mti na kukata vipande, ilhali mwenye swali amesema magogo yatapasuliwa katikati kabla ya kufika dingdong. Hiyo ni kazi tofauti kabisa. Kupasua gogo la futi 12 kwa urefu ni kuiendesha mashine kwa mafuta yote, dakika baada ya dakika, bila ule mwanya wa kupumua unaopatikana kati ya mkato na mkato. MS 381 itaifanya, sikatai, kwa kukata sentimita 50 kutoka juu kisha kuligeuza gogo na kukata zilizobaki, lakini itachemka, na kuligeuza gogo la mkaratusi mbichi la ukubwa huo si kazi ya watu wawili.

Mimi ningechukua 395 XP, au 661 kama mfuko unaruhusu, niifunge baa ya inchi 36 na cheni yenye meno yaliyoachana, ile ambayo idadi ya meno imepunguzwa ili unga wa mbao upate pa kutokea na injini isilemewe. Kwa kupasua, meno hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 badala ya 30 za kukata kwa kukingama. Tahadhari moja: ukiilaza baa sambamba na urefu wa gogo, badala ya unga utapata nyuzi ndefu kama tambi, na nyuzi hizo hujisokota ndani ya kifuniko cha sproketi (gurudumu la meno linaloivuta cheni) hadi cheni ikasimama. Inua mkono wa nyuma kidogo ili baa ikate kwa mshazari, na usimame mara kwa mara kuisafisha.

FundiMafinga

Kwa upasuaji nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ila tuulize hesabu ya miti. Kama mikaratusi ni michache na misindano ndiyo itakayokaa naye miaka, hakuna haja ya kubeba kilo za ziada muda wote kwa ajili ya kazi itakayokwisha. Akodi mashine kubwa pamoja na mpasuaji wake kwa siku za kupasua. Wapo wengi Mafinga.

Mkulima_Mufindi

Nawashukuru sana. Mikaratusi haifiki ishirini, na kazi ya misindano ni ya miaka. Kwa hiyo ninaelekea kwenye MS 381 na baa mbili, ya inchi 20 na ya inchi 25, na upasuaji nitaukodi. Nina baa ya Husqvarna ya inchi 24 aliyoniachia jamaa yangu. Je, itaingia kwenye Stihl?

DadaMsitu

Kaka, haitaingia bila kulazimishwa, na kulazimisha kuna gharama. Mfereji wa bolti kwenye baa za Stihl kubwa una upana wa milimita 12, na kwenye Husqvarna kubwa ni milimita 9. Hata ukiipanua kwa tupa, tundu la oili halitalingana na baa itaungua ikiwa kavu. Tena baa nyingi za Stihl za daraja hilo hupokea cheni yenye kijino cha chini (kile kinachoingia kwenye mfereji wa baa) chenye unene wa milimita 1.6, wakati za Husqvarna ni 1.5. Cheni ya 1.5 ndani ya mfereji wa 1.6 huyumba, na mkato hupinda. Usichanganye pia cheni ya 404 na sproketi ya 3/8, ingawa kwa macho zinakaribiana.

Nunua tupa sahihi siku hiyo hiyo: milimita 5.2 kwa cheni ya 3/8 ya Stihl, 4.8 kwa 325, na 5.5 kwa 404. Petroli ichanganywe na mililita 20 za oili ya Stihl yenyewe kwa lita, au 40 ukitumia oili ya kawaida ya injini za mipigo miwili. Na oili chafu iliyomwagwa gereji usiitie kwenye tangi la cheni, hata kama jirani zako wote wanaitia. Ina chembe za chuma zinazokula mfereji wa baa na pampu, na baa ya inchi 25 ina hitaji kubwa la oili kuliko ya 20.

Mpasuaji_Tanga

Basi sawa, mradi huyo wa kukodiwa apatikane kabla magogo hayajakaa juani na kupasuka yenyewe. Akikosekana, nitakurudisha kwenye 395.

Mkulima_Mufindi

Neno la mwisho. Nikiagiza cheni za akiba nitaje inchi tu?

DadaMsitu

Usitaje inchi peke yake, kwa kuwa kila kiwanda hupima kwa namna yake. Taja vitu vitatu: saizi ya cheni (3/8), unene wa kijino cha chini (milimita 1.6), na idadi ya vijino vya chini. Kwa baa za Stihl idadi hiyo kwa kawaida ni 72 kwa inchi 20 na 84 kwa inchi 25, nayo imechongwa kwenye baa karibu na mfereji wa bolti. Ifute oili uisome kabla ya kupiga simu dukani.